Kazi ya lori: Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kwa kijana wa Emali, Makindu au Mtito Andei, lori si kitu kigeni. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa inakata Kaunti ya Makueni kuanzia Salama hadi Mtito Andei, na usiku kucha trela zilizobeba makasha ya bandari hupita mbele ya maduka. Upande wa Kitui, malori ya Garissa hupitia Mwingi, na tangu barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui iwekwe lami, mzigo wa Mombasa unaweza kufika mjini Kitui bila kuzunguka kupitia Machakos. Si ajabu basi kwamba kampuni ya kusafirisha au kusambaza bidhaa inapompigia kijana simu na kumwambia aripoti Jumatatu, nyumba nzima hufurahi.

Furaha hiyo ni halali. Hata hivyo, wengi hukubali kazi kwa kusikia kiasi kimoja tu, yaani mshahara. Kinachoamua kama kazi ya lori itamlea dereva na familia yake ni mambo mawili ambayo aghalabu hayatajwi kwenye simu: nani anagharamia siku ambazo gari limesimama, na nani analipa mzigo au mafuta yanapopungua.

Kabla ya hesabu kuna leseni. Leseni ya daraja B ni ya magari madogo. Lori dogo linahitaji C1, lori la wastani C, na lori lenye trela CE. Madaraja haya hupandwa kama ngazi: Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, huangalia umri wa dereva na muda alioshika daraja la chini kabla ya kumruhusu kufanya mtihani wa daraja la juu. Hapa ndipo wengi waliojifunzia kazi kwenye malori ya mchanga hukwama. Huenda mtu ameendesha tipa kwa miaka mitatu, lakini leseni yake bado ni ya gari dogo na hana barua hata moja ya kuonyesha alikofanya kazi. Isitoshe, Makueni ina sheria yake ya uhifadhi na matumizi ya mchanga tangu 2015, na askari wanaposimamisha lori la mchanga lisilo na kibali, anayekutwa kwenye usukani ni dereva, wala si mwenye mchanga.

Mwajiri anayemwambia dereva wa daraja B achukue lori “tutarekebisha karatasi baadaye” anampa mzigo ambao hautaonekana mpaka siku ya ajali. Siku hiyo dereva atashtakiwa kwa jina lake, na kampuni ya bima inaweza kugoma kulipia gari.

Hesabu ya safari na hesabu ya mwezi

Kuna njia mbili kuu za kumlipa dereva wa lori. Ya kwanza ni mshahara wa mwezi pamoja na pesa za safari za kula na kulala njiani. Ya pili ni malipo kwa kila safari. Njia ya pili huvutia zaidi inapotajwa, na ndiyo inayohitaji kalamu na karatasi.

Tuchukue mfano. Kampuni inasema italipa Sh8,000 kwa kila safari ya kwenda Mombasa na kurudi Nairobi, na kwamba dereva hodari hufanya safari tano kwa mwezi. Hiyo ni Sh40,000. Sasa kasha linachelewa kutolewa bandarini, gari linakaa gereji siku nne likisubiri kipuri, na mwenye mzigo Nairobi hana nafasi ya kupakua mpaka Jumatatu. Safari tano zimekuwa tatu, nayo malipo ni Sh24,000. Ikiwa dereva alikuwa nje ya nyumba siku 24 na alitumia Sh600 kwa siku kwa chakula, maji, bafu na simu, ameshatumia Sh14,400. Amebaki na Sh9,600 za kupeleka nyumbani kwa mwezi mzima, na hajafanya kosa lolote.

Mwenzake anapewa Sh28,000 kwa mwezi, na pesa za safari ni kando. Katika hati yake ya mshahara atakatwa asilimia 2.75 ya Bima ya Afya ya Jamii, ambayo ni Sh770, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, ambayo ni Sh420, na asilimia 6 ya NSSF, ambayo ni Sh1,680, mbali na kodi ya mapato ikiwa anafikia kiwango cha kutozwa. Makato ya Sh2,870 yanauma. Lakini mwajiri naye anamwekea NSSF kiasi sawa na chake, familia yake iko kwenye bima, na gari likisimama wiki nzima Mariakani mshahara haupungui.

Kwa hivyo swali la kuuliza si “safari moja ni pesa ngapi?” Ni hili: “Gari likisimama siku kumi bila kosa langu, mwisho wa mwezi napata nini?” Mwajiri mwenye mpango atajibu bila kusita. Anayecheka na kusema gari lake halisimami, yafaa aulizwe mara ya pili.

Serikali hutangaza viwango vya chini vya mishahara, na dereva wa magari makubwa ya biashara ametajwa humo kwa jina. Kiwango cha Nairobi na Mombasa ni cha juu kuliko cha miji midogo na maeneo ya mashambani. Ni vyema basi kujua kama mkataba unamhesabu dereva kuwa mfanyakazi wa Nairobi, gari linakolala, au wa Wote, alikohojiwa.

Saa nane

Sheria ya Trafiki inakataza mtu kuendesha gari la biashara kwa zaidi ya jumla ya saa nane katika kipindi cha saa 24. Wengi hawaijui, na baadhi ya wanaoijua huichukulia kama ushauri. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480. Lori la biashara haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na likiwa na mzigo, likipanda kutoka pwani na kupita kwenye mizani za Mariakani na Mlolongo, wastani wa kilomita 50 kwa saa ni mwendo mzuri. Hiyo ni karibu saa kumi za usukani. Yaani kampuni inayotaka dereva mmoja apakie Mombasa asubuhi na kupakua Nairobi usiku huohuo inamtaka avunje sheria, hata kama haijaandika hivyo popote.

Dereva mpya huona aibu kuuliza jambo hili, asije akaonekana mvivu. Lakini barabara ya Mombasa haimwonei haya anayesinzia, na hospitali ya Makindu, iliyo kando ya barabara hiyo, hupokea majeruhi wake. Swali linaweza kuulizwa kwa upole: dereva hulala wapi, na nani hulipia mahali pa kuegesha penye usalama? Likijibiwa kwamba atalala kwenye kiti kando ya barabara huku akilinda mzigo, basi ameajiriwa kazi mbili, udereva na ulinzi, kwa mshahara mmoja. Kwa mwanamke anayetaka kazi hii, swali la mahali pa kulala na kuoga ni la kwanza kabisa.

Mzigo nao una kikomo. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzani wa magari, lori kubwa kabisa, lenye ekseli saba, halipaswi kupita tani 56 pamoja na mzigo wake. Ekseli ya usukani mwisho wake ni tani 8. Gari linaweza kuwa chini ya tani 56 kwa jumla na bado likakamatwa kwa sababu mzigo umeegemea upande mmoja. Dereva aulize nani husimamia upakiaji, na kama yeye ataruhusiwa kukataa kuondoka.

Makato yasiyotajwa

Malalamiko makubwa katika kazi ya lori huhusu makato. Dizeli imepungua lita 40, dereva anakatwa. Katoni mbili za mafuta ya kupikia hazionekani, dereva na taniboi wanagawana hasara. Kioo kimepasuka, mshahara umekwenda.

Sheria ya Ajira ya 2007 haimruhusu mwajiri kukata atakavyo. Kwa uharibifu au upotevu wa mali, anaweza kukata kiasi cha haki pale ambapo hasara imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Na makato yote yakijumlishwa, hayapaswi kupita theluthi mbili ya mshahara. Kwa mfano wetu wa Sh28,000, hata mwezi mbaya kabisa dereva hapaswi kwenda nyumbani na chini ya takriban Sh9,300. Mfanyakazi pia ana haki ya kupewa hati inayoonyesha kila kilichokatwa na sababu yake.

Hapa inafaa kusema lingine pia. Kuna madereva wanaouza dizeli njiani, na kila mtu anayekaa kando ya barabara kuu anajua hivyo. Kampuni nyingi sasa zimefunga vifaa vya kufuatilia gari na kupima mafuta kwenye tangi. Dereva mwaminifu hafai kuviogopa. Bali aombe kipimo cha mafuta kiandikwe anapopokea gari na anaporudisha, pande zote mbili zitie sahihi, na naye abaki na nakala. Afanye vivyo hivyo na hati ya mzigo: ahesabu kabla ya lakiri kufungwa, na kama hakuruhusiwa kuhesabu, hilo liandikwe kwenye hati yenyewe.

Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Muda wa majaribio usizidi miezi sita kwa mara ya kwanza. Likizo ya mwaka ni siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo. Na dereva anayeitwa “kibarua” mwezi baada ya mwezi bila kukatika huweza kuhesabiwa kisheria kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, hata kama daftari la ofisi linasema vingine.

Ajali kazini ina sheria yake, ile ya fidia kwa majeraha ya kazini, pia ya 2007. Inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na hiyo si ile stika ya bima iliyobandikwa kwenye kioo cha gari. Stika inahusu gari na watu wengine barabarani. Dereva aulize kuhusu bima ya pili kwa jina.

Kuhusu kampuni zenyewe, kuna ambazo hazimwajiri dereva bali hukodi lori la mtu na kulipatia mzigo kupitia simu. Mwajiri katika hali hiyo ni mwenye lori, na ndiye wa kuulizwa maswali haya yote. Sendy, iliyokuwa ikiunganisha wenye mizigo na wenye magari kwa njia hiyo nchini, ilifunga shughuli zake 2023. Kazi pia huyumba kwa sababu za mbali na dereva: amri ya 2019 ya kupeleka makasha kwa reli ya SGR iliwaacha wengi bila safari na kupunguza biashara katika miji ya kando ya barabara, hadi serikali ilipotangaza Septemba 2022 kwamba mizigo itaanza tena kushughulikiwa Mombasa. Anayeacha pikipiki, duka au shamba la maembe kwa ajili ya lori asiuze vyote mwezi wa kwanza.

Mtu yeyote anayeitisha pesa za “sare”, “mafunzo” au “kufungua faili” kwa M-Pesa kabla ya mahojiano si wa kuaminiwa. Cheti cha maadili mema hulipiwa na mwombaji mwenyewe kupitia eCitizen, na alama za vidole huweza kuchukuliwa Huduma Centre ya Wote au ya Kitui. Kwa kazi za lori ng'ambo, wakala lazima awe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Mambo ya kazi yako chini ya serikali ya kitaifa, hivyo ofisi za kaunti haziwezi kumlazimisha mwajiri kubadilisha mkataba. Anayeweza kuusoma na kueleza kasoro zake ni afisa wa leba, ambaye pia hupokea malalamiko ya mishahara bila malipo. Shauri likishindikana hapo, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Machakos, na mahakimu walioteuliwa husikiliza kesi za wanaolipwa hadi Sh80,000 kwa mwezi. Kwa kawaida kesi hufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu kosa litendeke.

Mkataba wenyewe uombwe mapema, siku mbili au tatu kabla ya kuanza kazi, ili usomwe nyumbani pamoja na mke, mume au mzazi ambaye atabaki na watoto gari likiwa Malaba. Kampuni ikikataa karatasi hiyo isitoke ofisini, dereva anaweza kuomba aisome palepale, yote, kabla ya kupokea ufunguo.