Mwanao Akisoma Kijerumani

Tuseme wewe ni mzazi wa Kichiwa, huku kwetu Njombe na Makambako. Umeuza viazi na mbao, pengine na ndama mmoja, ukampa binti yako nauli na karo aende mjini kusoma Kijerumani, maana anataka kuwa muuguzi kule Ujerumani. Miezi ya kwanza alirudi nyumbani akicheka. Alijua kusalimu, kuhesabu na kuuliza bei ya mkate. Sasa amerudi likizo naye yu kimya. Ukimwuliza, asema, "Baba, sarufi imenishinda."

Usimwite mvivu. Kijerumani hupimwa kwa ngazi sita, nazo huitwa A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Katika ngazi mbili za kwanza mtu hupita kwa kukariri maneno, na akikosea watu humwelewa tu. Lakini kutoka A2 kwenda B1, na hasa kutoka B1 kwenda B2, maneno peke yake hayatoshi tena. Lazima yaungane sawasawa. Wengi huvunjika moyo hapo. Na hapo hapo ndipo kazi zinapoanzia, kwa maana kijana atakaye kufundishwa kazi kule kwa kawaida huombwa B1, naye muuguzi aliyekwisha hitimu huku, ili cheti chake kitambuliwe, kwa kawaida huombwa B2.

Wazee wetu walikiita Kidachi. Utashangaa kwamba Wajerumani walitawala nchi hii miaka thelathini hivi, wakaacha maneno machache mno vinywani mwetu. Tunalo neno shule, litokalo Schule. Tunalo hela, litokalo Heller, ile sarafu iliyoanza kutumika hapa mwaka 1904, hela mia moja zikifanya rupia moja. Sababu ni kwamba serikali yao ilipendelea kutumia Kiswahili katika maboma na katika shule zake, hata makarani na maakida waliandikiana kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwanao hafuati njia iliyokanyagwa na babu zake. Hata hivyo wako wa pwani waliomtangulia. Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sultani Said, alihamia Hamburg baada ya kuolewa na Mjerumani mwaka 1867. Alijifunza lugha ile akiwa mtu mzima, mume akafariki mwaka 1870 akamwacha na watoto wadogo, na mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kikachapwa Berlin, alichokiandika mwenyewe kwa Kijerumani. Huyu ndiye aliyejifundisha kuandika kwa siri alipokuwa mtoto, akiiga herufi za Kurani kwa wino juu ya mfupa wa bega la ngamia. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 akawafundisha Wajerumani Kiswahili. Yafaa kumkumbuka yeye pia, kwa sababu wanafunzi wake walipata taabu na ngeli zetu kama vile mwanao anavyopata taabu na za kwao.

Maana Kijerumani kina ngeli! Ndilo neno ninalotaka ulichukue, ndugu msomaji, hata kama husomi lugha hiyo. Kila jina la Kijerumani limo katika mojawapo ya mafungu matatu, na alama yake ni neno dogo linalotangulia: der, die au das. Vitabu husema ni fungu la kiume, la kike na lisilo la jinsia. Majina hayo yanawapoteza wanafunzi wetu. Mezani kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Kijiko kina uume gani? Msichana naye ni das Mädchen, wala si kwamba Wajerumani hawajui kuwa ni wa kike. Ni kwa sababu neno limekwisha na -chen, na kila lililodogoshwa kwa mwisho huo ni das. Basi mwambie mwanao aache kutafuta uume na uke, afikiri kama afikirivyo Kiswahili. Nani alimweleza kwa nini mti uko pamoja na mkate, au kwa nini twasema "nyumba hii" lakini "ng'ombe huyu", nayo maneno yenyewe hayana alama yoyote mbele yake? Hakuna. Alisikia "ng'ombe huyu" mara elfu, ikakaa.

Kwa hiyo mtu asijifunze "Löffel, kijiko". Ajifunze "der Löffel", kama neno moja lisilokatika. Akiandika katika daftari jina bila der, die au das, amepanda mbegu iliyotobolewa. Viko vipande vya kumsaidia pia: majina yaishayo kwa -ung, -heit, -keit na -schaft kwa kawaida ni die, nayo yaliyodogoshwa kwa -chen na -lein ni das. Lakini vipande hivyo havifiki mbali, na yaliyobaki ni ya kuzoea tu.

Ugumu wa pili ni kwamba alama hiyo hubadilika kwa kadiri ya kazi ya jina katika sentensi. Sisi tukisema "mbwa amemwuma mtu", mpangilio wa maneno ndio unaotuambia nani ameuma. Geuza, "mtu amemwuma mbwa", na habari imegeuka. Mjerumani asema "Der Hund beißt den Mann", mbwa anamwuma mtu. Akipenda ageuze, "Den Mann beißt der Hund", bado aliyeumwa ni mtu yule yule, maana den imemwonyesha. Hali hizo ni nne: nominativi, akusativi, dativi na genitivi. Sifa nazo hufuata: kijiko kidogo ni der kleine Löffel, kijiko kimoja kidogo ni ein kleiner Löffel, na kwa kijiko kidogo ni mit dem kleinen Löffel. Hapa sitaki kukudanganya, hakuna njia ya mkato. Lakini mtoto aliyekulia katika "kijiko changu kidogo kimevunjika" na "mti wangu mdogo umevunjika" amekwisha zoea toka utotoni kwamba neno moja likibadilika na wenzake hubadilika.

Ugumu wa tatu, kitenzi hukimbilia mwisho. "Sitakuja leo kwa sababu mama yangu ni mgonjwa" huwa "Ich komme heute nicht, weil meine Mutter krank ist", ndiyo kusema, "kwa sababu mama yangu mgonjwa ni". Katika sentensi fupi Mjerumani huweka kitenzi mahali pa pili, lakini akisema weil (kwa sababu), dass (kwamba) au wenn (ikiwa), husubiri mpaka maneno yote yapite. Msikilizaji naye lazima asubiri. Kuna vitenzi vingine hukatwa vipande viwili, kichwa huku na mkia kule: kupiga simu ni anrufen, lakini "ninampigia mama simu" ni "Ich rufe meine Mutter an". Na jihadhari na umfahren. Mkazo ukiwa mwanzoni, um, kitenzi hukatika nacho maana yake ni kumgonga mtu kwa gari akaanguka. Mkazo ukiwa katikati, fah, hakikatiki, na maana ni kumzunguka ukampita salama. Dereva wa Makambako angependa kujua tofauti hiyo.

Sasa furaha. Yako mambo ya ngazi za juu ambayo Kiswahili kimekwisha mfundisha mwanao. Twasema, "Ningekuwa na fedha, ningenunua ng'ombe". Mjerumani asema, "Wenn ich Geld hätte, würde ich eine Kuh kaufen". Na wakati ukiisha kupita, "Ningalikuwa na fedha, ningalinunua ng'ombe", yeye asema, "Wenn ich Geld gehabt hätte, hätte ich eine Kuh gekauft". Ni -nge- na -ngali- zile zile za wazee, ambazo siku hizi vijana wanazichanganya ovyo. Azirudishe mahali pake katika Kiswahili kwanza, na Kijerumani kitakuwa chepesi.

Vivyo hivyo tunasema "dirisha linafunguliwa", yaani yuko mtu anayelifungua, na "dirisha limefunguka", yaani liko wazi, hatuulizi nani. Mjerumani naye ana mbili: "Das Fenster wird geöffnet" ni tendo linalotendeka, na "Das Fenster ist geöffnet" ni hali ya dirisha baadaye. Muuguzi atayahitaji haya kila siku, kwa kuwa kusema mgonjwa anaoshwa si sawa na kusema mgonjwa amekwisha oshwa, na anayepokea zamu lazima ajue lipi ni lipi.

Wewe mzazi usiyejua hata neno moja, wamsaidiaje? Kwanza, jua hesabu. Taasisi ya Goethe, ambayo ina tawi lake Dar es Salaam la kufundisha na kutahini, yakadiria kwamba kufika B2 toka mwanzo huhitaji vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Vipindi 600 ni saa 450. Akisoma saa moja kwa siku, bila kukosa hata Jumapili, ni mwaka na karibu miezi mitatu. Akisoma saa tatu, ni miezi mitano. Basi akija wakala, mwenye viatu vya kung'aa, akikuambia kwamba kwa miezi miwili mtoto atakuwa na B2 na kazi Ujerumani, umwulize saa 450 ataziweka wapi. Tangu Kenya ilipotiliana mapatano na Ujerumani juu ya wafanyakazi, Septemba 2024, maneno ya namna hiyo yamezidi kusikika Afrika Mashariki. Mapatano yale ni ya Kenya. Hayampi Mtanzania nafasi, wala hayamwondolei mtu yeyote mtihani.

Pili, saa yake ya kusoma uilinde kama unavyolinda mbegu. Msichana akirudi likizo hupewa maji ya kuchota, kuni, jiko na wadogo zake, na taa ikiwashwa amekwisha choka. Kaka yake naye ana mikono. Baridi ya Juni na Julai hapa kwetu si mchezo, basi mwachie mahali karibu na moto.

Tatu, mwambie asome kwa sauti. Sarufi ya ngazi hii haikai kwa macho. Achukue sentensi kumi nzima, zenye weil, zenye wenn, zenye mit dem, azikariri mpaka zitoke bila kufikiri, kama ulivyokariri wewe katekisimu. Kesho yake abadilishe neno moja moja ndani yake: badala ya mama aweke kaka, badala ya leo aweke jana, aone nini kingine kinabadilika. Wewe keti umsikilize. Hutajua kama amekosa, lakini utasikia anaposita, na hapo umwambie, "Rudia hiyo."

Na siku ya mtihani ujue hivi. Mtihani wa Goethe wa B1 na wa B2 una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kusema. Kila sehemu ina alama 100, naye hupita kwa 60. Sehemu hizo huweza kufanywa mbali mbali. Akipita tatu akaanguka kuandika, harudii zote, hurudia kuandika tu, na ada yake ni ya sehemu hiyo moja. Basi kabla hujauza ndama wa pili, uulize kwanza ni sehemu ipi.