Vihisi Vinavyolinda Jokofu la Chanjo

Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi. Wahudumu wengi huhofia joto. Hata hivyo, chanjo za pepopunda na homa ya ini aina ya B huharibiwa na kuganda, na kichupa kilichoganda kisha kikayeyuka huweza kuonekana hakina kasoro.

Ndiyo maana vihisi visivyotumia waya, kama vile vya Zigbee, vinastahili nafasi kando ya daftari la joto linalojazwa asubuhi na jioni. Kihisi hulala karibu muda wote. Huamka, hutuma kipimo, kisha hulala tena, hivyo betri yake ndogo huweza kudumu kwa miaka. Mawimbi yake hayafiki mbali. Kipimo hupokezanwa kutoka kifaa hadi kifaa, chumba hadi chumba, mpaka kimfikie muuguzi wa zamu. Njia moja ikizibwa, hutafutwa nyingine.

Udhaifu uko kwenye vifaa hivyo vya kupokezana. Vyenyewe havilali, na kwa kawaida hutegemea umeme wa ukutani. Umeme ukikatika usiku navyo huzimika, saa ileile jokofu linapoanza kupata joto. Kituo kinachotaka kununua mfumo huu kiulize kwanza kama vina betri ya akiba.