Yupi Abaki Zizini?

Sogeeni, wanangu, leo tuna kazi ya kuamua. Kwenye gemu yenu ya kuzalisha farasi, zizi limejaa. Majike wanne wamezaa, nafasi zilizobaki ni mbili, na simu inawauliza nani abaki na nani aende. Nimewaona mkimkimbilia yule mwenye nyota nyeupe usoni kwa sababu anapendeza. Anapendeza kweli. Lakini kabla hamjabonyeza, twendeni nje kwenye baridi yetu hii ya Molo, tuwatazame watu wanaofanya uamuzi huo kila msimu na hawawezi kuurudisha nyuma.

Hapa kwetu anayechaguliwa ni kondoo. Molo iko takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na malisho yake yamemfaa kondoo tangu enzi za walowezi. Wengi mnaowaona kando ya barabara wana damu ya Corriedale, aina iliyopatikana New Zealand kwa kuwachanganya Merino na Lincoln, ili mnyama mmoja atoe sufi na nyama.

Wanakondoo wakizaliwa, mfugaji mzoefu hutazama kwanza nani dume na nani jike. Mna habari kwa nini? Kondoo dume mmoja mwenye nguvu huwatosha majike 30 au zaidi. Mfugaji mdogo anahitaji dume mmoja tu, basi madume wengine wote wataliwa, watauzwa au watahasiwa. Jike naye huzaa wachache kwa mwaka, na kila jike mwema anayeondoka anapunguza kundi la kesho. Kwa farasi jambo hili ni zito zaidi, maana jike hubeba mimba miezi 11 hivi na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Kwa hiyo nawaambia waziwazi: kwa majike muwe na moyo mpana, kwa madume muwe wagumu. Dume wa wastani msimweke. Kasoro yake haitaishia kwake, itaenea kwa watoto wote wa msimu mzima.

Baada ya hapo mfugaji hushuka miguuni. Anamtazama mwanakondoo akitembea, anamfungua mdomo aone kama meno ya chini yanakutana vizuri na ufizi wa juu. Kisha anamgeukia mama yake. Alizaa mapacha? Aliwanyonyesha wote wawili au alimkataa mmoja? Habari za mama ni nusu ya habari za mtoto, na kwenye gemu yenu habari hizo zipo, ni kufungua ukurasa wa ukoo tu. Wengi wenu hamuufungui. Ufungueni!

Sasa tuje kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Katika kundi la kondoo weupe, siku moja anazaliwa mweusi tititi. Baba mweupe, mama mweupe. Watoto huuliza, mweusi huyu katoka wapi? Katoka kwa wote wawili. Kila mnyama hubeba jeni mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama. Katika aina nyingi za kondoo jeni ya weupe ina nguvu. Ikiwepo hata moja, sufi huwa nyeupe na ile ya weusi hujificha. Wazazi wawili waliobeba jeni iliyojificha wakikutana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kutoa mweusi. Mwanakondoo yule amekufichulia siri ya wazazi wake. Dada zake weupe, ambao hakuna anayewashuku, huenda wengine wanaibeba siri hiyohiyo.

Farasi nao wana siri kama hiyo. Rangi inayojificha kwao ni ule wekundu wa kahawia, mwili na singa pamoja. Farasi wekundu wawili huzaa mwekundu tu. Lakini wazazi wa hudhurungi wenye singa nyeusi wanaweza kukushangaza kwa mtoto mwekundu. Gemu yenu ikifuata sayansi hii, msimfukuze mtoto huyo haraka. Someni kwanza ametuambia nini kuhusu baba na mama.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wachezaji wengi. Mkipata dume bora, mnampandisha kwa majike wote, kisha kwa binti zake, kisha kwa wajukuu, kwa sababu nambari za ubora wa watoto zinapanda. Zinapanda kwa muda. Ndugu wakizaana, kasoro zilizojificha hukutana mara kwa mara, na watoto hudhoofika. Ndiyo maana mfugaji makini hubadilisha dume kila baada ya miaka miwili hivi, kabla binti hawajapandwa na baba yao. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred, ukifuata upande wa baba hadi mwisho, wote wanaishia kwa madume watatu waliopelekwa Uingereza kati ya mwisho wa karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18: Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Ukoo umebana hivyo, na wazalishaji hulazimika kuupiga hesabu kila wanapochagua.

Na farasi wa mbio wamewahi kufundishwa hapahapa Molo. Beryl Markham, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1902 na kuletwa Kenya akiwa mdogo, alikulia Njoro kwenye shamba la baba yake, Charles Clutterbuck, mfuga farasi. Baba alipofilisika na kuhamia Peru, binti hakumfuata. Alimpanda farasi wake Pegasus, aliyemshuhudia akizaliwa, akapanda naye mlima hadi Molo kuanza kufundisha farasi wa watu. Alikuwa bado kijana sana. Baadaye alijiunga naye arap Ruta, rafiki aliyekua naye Njoro, mjuzi wa farasi kama yeye.

Katika kitabu chake West with the Night, kilichotoka mwaka 1942, Beryl anasimulia jinsi dume aliyemfundisha kwa mapenzi, Wrack, alivyochukuliwa na mmiliki wake kabla ya mbio kubwa za St Leger. Akabaki na jike aitwaye Wise Child. Kwa ukoo alikuwa bora, lakini kano za miguu yake zilikuwa zimeharibiwa na mafunzo mabaya. Wengi wangemwacha. Lakini hapa tutenganishe mambo mawili: udhaifu aliozaliwa nao mnyama, na udhaifu aliotiwa na watu. Ule wa kwanza unaweza kurithiwa, ule wa pili haurithiwi. Beryl akamfanyisha Wise Child mazoezi kwa tahadhari, na mwaka 1926, mpanda farasi Sonny Bumpus akiwa mgongoni, jike huyo akashinda mbio hizo na kumwacha Wrack nyuma.

Haya, rudini kwenye simu. Mtoto mwenye nambari ndogo kwa sababu hakulishwa wala kufunzwa, msimhesabu sawa na aliyezaliwa na nambari ndogo. Yule mwenye nyota usoni ni dume, na ana dada wawili wa baba na mama mmoja walio tayari zizini. Damu yake mnayo. Muuzeni, na nafasi yake apewe mwenzake jike, wa kawaida lakini wa ukoo mgeni.