Keezo jipya, ufundi ni ule ule

Fundi seremala akinunua keezo jipya la umeme, hutamani kuanza na mguu wa kitanda au nguzo za ngazi, kwa kuwa huko ndiko kwenye fedha. Lakini mwenye kutaka kuijua mashine yake, na aanze na kitu kidogo: msuruaki wa mtalawanda.

Huenda vijana wengi wa leo hawaujui msuruaki. Mtalawanda ni kiatu cha mti kilichovaliwa sana majumbani na misikitini katika miji ya pwani, kabla ya malapa ya mpira kuenea. Msuruaki ni kile kijiti chenye kichwa cha mviringo kinachobanwa baina ya kidole gumba cha mguu na kile kinachofuata. Ni pambo, tena ni kazi: ukivunjika, kiatu hakivaliki.

Keezo si jambo geni kwetu. Mafundi wa Lamu walikeeza miguu ya vitanda zamani kabla ya umeme. Keezo lao liliendeshwa kwa uta, kama ule wa keke. Fundi aliketi chini, mkono mmoja ukivuta na kusukuma uta, wa pili ukishika patasi kwa msaada wa vidole vya mguu. Mti ulizunguka mbele kisha ukarudi nyuma, na patasi ilikata ulipokuja mbele tu. Hivyo baina ya mkato na mkato palikuwa na nafasi ndogo, na katika nafasi hiyo jicho lilipima.

Keezo la umeme halitoi nafasi hiyo. Huzunguka upande mmoja, mara 1,000 na zaidi kwa dakika, na kosa la kufumba na kufumbua hula kichwa chote cha msuruaki. Kwa hiyo fundi lazima apime yeye mwenyewe, kwa hiari yake. Asimamishe mashine mara kwa mara, atazame, aguse, ndipo aendelee.

Achague kipande kikavu kisicho na vifundo. Mabaki ya mpingo yanafaa sana, na ni vyema yatumike, maana mpingo huchukua miongo mingi kukua. Akunje mikono ya shati, wala asifunge kikoi kinachopepea. Kabla ya kuwasha, auzungushe mti kwa mkono ahakikishe haugusi chuma cha kuegemezea patasi. Mgongo wa patasi utangulie kugusa mti, kisha makali yashushwe taratibu. Akate akitoka penye unene kwenda penye wembamba, asije akachana nyuzi za mti. Shingo ya msuruaki iwe ya mwisho, kwani ikikondeshwa mapema kipande hutetema na kukatika. Baada ya msasa, kijiti cha lakiri kikibanwa juu ya mti unaozunguka huyeyuka kwa joto la msuguano na kuacha rangi ing'aayo.

Hapo fundi atafurahi. Asubiri kwanza! Viatu ni viwili, na sasa atakeeza msuruaki wa pili ulio sawa na wa kwanza. Bikari itampa unene, lakini mbinuko wa kichwa na mteremko wa shingo huamuliwa na jicho. Wa kwanza waweza kuwa bahati. Wa pili ndio utakaosema kama yeye ni fundi.

Jambo hili si dogo. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na majumba yake yanatunzwa. Lakini orodha haikeezi mguu wa kitanda. Mguu mmoja ukioza, lazima apatikane mtu wa kutengeneza mwingine unaofanana na mitatu iliyobaki. Mtu huyo hujifunza kwa vipande vidogo kama hivi. Basi enyi mafundi wenye makeezo mapya, mwiteni kijana mmoja karakanani, mpeni kipande cha mti, na mwambieni atengeneze miwili.