Jiwe Zito kama Mtungi wa Maji

Aliyewahi kununua maji ya mkokoteni Utange, Mombasa, anaujua uzito wa mtungi wa lita 20. Jiwe la kalingi, mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu, halipungui sana hapo: hukaribia kilo 20, ni la mviringo, lina kishikio juu. Mchezaji hupiga goti, akalitelezesha kwenye barafu, akaliachia. Linatakiwa lisafiri zaidi ya mita 30 likatulie ndani ya duara lenye upana wa mita 3.66, tena pengine nyuma ya jiwe la mpinzani linaloziba njia.

Kila timu ina watu wanne, na kila mmoja hurusha mawe mawili kwa raundi. Mawe 16 yakiisha, timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndiyo inayopata pointi, nyingine haiambulii kitu. Kwa hiyo jiwe la mwisho lina thamani kuliko yote, na kwa kawaida hurushwa na nahodha.

Hili si jiwe la matumbawe kama tunalojengea nyumba Pwani. Tumbawe lina vitundu, hunywa maji. Maji yakiganda ndani yake, jiwe hupasuka. Mawe ya Olimpiki huchongwa kwa granaiti ya Ailsa Craig, kisiwa kidogo cha Uskoti, ambayo karibu hainywi maji kabisa.

Kinachowachekesha watazamaji wa huku ni mafagio. Wanawake wameenda hadi Olimpiki, na huko nako wanafagia! Lakini hapasafishwi kitu. Barafu hunyunyiziwa matone yanayoganda yakawa vipele, na jiwe hupita juu ya vipele hivyo. Brashi ikisuguliwa kwa nguvu mbele ya jiwe, barafu hupata joto kidogo, msuguano hupungua, jiwe likafika mbali zaidi bila kupinda sana. Kwa nini linapinda kuelekea upande linakozungukia, wanafizikia bado wanabishana.

Maisha ya mchezaji wa namna hii hayafanani na ya mkimbiaji. Mtazame Eve Muirhead wa Uskoti, aliyezaliwa 1990. Baba yake, Gordon, alikuwa bingwa wa dunia wa kalingi mwaka 1999, na binti alikulia kwenye barafu. Alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana mara nne. Vancouver 2010 alikuwa nahodha wa Olimpiki akiwa na miaka 19. Mwaka 2013 akawa bingwa wa dunia, na Sochi 2014 akapata shaba. Pyeongchang 2018 alikuwa na jiwe la mwisho mkononi, shaba ikimsubiri. Jiwe likaenda kombo, Japani ikaondoka nayo kwa 5–3. Miaka minne baadaye, Beijing, alikutana na Japani hiyohiyo katika fainali. Akaifunga 10–3, akachukua dhahabu, na mwaka huohuo akastaafu.

Wengi hawaishi kwa mchezo huu peke yake. Anette Norberg wa Sweden, mshindi wa dhahabu 2006 na 2010, ni mtaalamu wa hesabu za bima. Jennifer Jones wa Kanada, bingwa wa 2014, ni wakili.

Kwetu Pwani, aliye karibu zaidi na njia hiyo ya Olimpiki hakushika jiwe bali ski. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, mwendo wa matatu tu kutoka Utange kwa barabara ya Malindi. Akiwa mtoto wa miaka mitatu alihamia Austria, na baba yake wa kambo akamfundisha kuteleza kwenye theluji. Mwaka 2018, Pyeongchang, alibeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi, mwanamichezo wetu pekee pale. Katika mbio za ski ziitwazo super-G alimaliza wa 38. Ni mtoto wa Pwani, lakini mlima uliomlea uko Ulaya, na sidhani kipaji chake kingeonekana kama angebaki Kilifi.

Kenya ina barafu, ndiyo: uwanja wa hoteli ya Panari, uliofunguliwa 2005 kwenye Barabara ya Mombasa, ila ni mwisho ule wa Nairobi. Hapo watu huteleza kwa viatu vya vyuma na kucheza hoki. Barafu iliyochanwa na vyuma hulipotosha jiwe la kalingi, ndiyo maana kwenye mashindano makubwa mafundi huikwangua ikawa sawa, kisha huinyunyizia vipele upya kabla ya mchezo.