Siku Moja Ukingoni mwa Hori la Tudor

Watu wengi husema ya kwamba kisiwa cha Mombasa ni tambarare, na ya kuwa apendaye kupanda vilima na kuteremka mabondeni hana budi kwenda milima ya Taita au ya Shimba. Maneno hayo ni kweli kwa mtu asiyeacha barabara. Lakini atakayeshuka ukingoni huko Tudor, akafuata pwani kwa miguu mpaka Mji wa Kale, ataparamia majabali na kupita vibonde vyenye tope, na jioni magoti yake yatamshuhudia. Njia yenyewe haifiki maili 5, lakini humaliza siku.

Jambo la kwanza la kufikiri si viatu wala chakula, ni maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka kadiri ya futi 10 au zaidi. Siku hizo maji hupwa kabisa yapata saa 4 asubuhi, na hujaa yapata saa 10 alasiri. Siku za maji mafu hazifai, kwani bahari haitoki vya kutosha kuacha njia chini ya majabali. Basi msafiri huanza saa 2, maji yakiwa yanatoka, na yampasa awe amekwisha kuvuka sehemu za majabali kabla ya saa 7. Akichelewa atabanwa, maji mbele na nyuma, na jabali limemwinamia kichwani. Wavuvi wanazijua saa hizo pasipo kutazama kitabu; kuwauliza ni akili, wala si aibu.

Hata vita vya kale vilifuata maji. Magharibi ya Tudor ni Makupa, ambako zamani watu walivuka kwa miguu maji yakipwa. Wazimba waliingia kisiwani mwaka 1589 kwa kuvuka huko, na Wareno nao walikuja kuweka ngome ndogo kukilinda kivuko hicho.

Jabali la Mombasa ni matumbawe yaliyokuwa hai chini ya bahari yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Atazamaye vizuri huona ndani yake maumbo ya matumbawe na makombe. Mawimbi yamelila kwa chini, hata limetokeza kama ukingo wa paa, na hapo ndipo mikono inapofanya kazi ya miguu. Lina makali kama wembe, na pale yafikapo maji chaza wamelishika. Yafaa viatu vya soli nene, na kujaribu kila pa kukanyaga kabla ya kuutua uzito wote.

Na mabonde je? Bonde kubwa ndilo hori lenyewe. Yapata miaka 20,000 iliyopita, wakati maji mengi ya dunia yalipokuwa barafu, bahari ilishuka kadiri ya futi 400. Mito ikachimba njia yake chini kuifuata. Kombeni na Tsalu, zimwagazo maji horini mpaka leo wakati wa mvua, ni mabaki ya kazi hiyo. Mombasa wakati huo haikuwa kisiwa bali kilima kati ya mabonde mawili. Barafu ilipoyeyuka bahari ikarudi ikayajaza, kushoto na kulia. Basi aketiye juu ya jabali la Tudor kula mkate wake ameketi begani mwa kilima, na bonde liko chini yake, limefunikwa na maji.

Vibonde vidogo, vinavyoteremsha maji ya mvua toka mjini, huishia kwenye mikoko. Hapa mwendo ni wa polepole, kwa kuwa mizizi ya mkoko imesimama kama miguu ya buibui, na ile ya mchu imechomoza topeni kama misumari. Jambo la kusikitisha ni kwamba mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998, na tena za mwaka 2006, zilileta udongo mwingi toka bara ukafukia mizizi horini, hata sehemu kubwa ya mikoko ikafa. Juu ya hayo kuna maji machafu ya mji na shoka za wakata miti. Udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi hiyo sasa huchukuliwa na maji.

Baada ya daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 mahali pa lile la kuelea la mwaka 1931, mahali pengine kuta za viwanja huzuia, na msafiri hupanda barabarani kisha hushuka tena. Katika Mji wa Kale ataikuta mikoko mara ya pili: boriti za dari ni miti hiyo, na upana wa vyumba ulipimwa kwa urefu wake, yapata futi 9. Ngazi za Leven, zilizochongwa mwambani, zastahili kushukwa, kwani zaelekea kisima cha maji matamu kilichowanywesha mabaharia.

Mwisho ni Ngome ya Yesu, iliyoanzwa mwaka 1593 juu ya matumbawe yale yale. Saa 10 maji yamejaa, na miamba iliyokanyagwa asubuhi haionekani. Kurudi Tudor ni kwa barabara.