Aikido: nguvu za mzee yule zatoka wapi?

Mpwa wangu aliporwa simu mwezi uliopita, na tangu siku hiyo hana hadithi nyengine ila aikido. Amenionyesha video ya mzee wa Kijapani mwenye ndevu nyeupe akiwaangusha vijana kwa kuwagusa tu. "Mjomba, hii ni kweli ama wanaigiza?" (Mamake kashasema mzee yule ana majini.)

Mzee mwenyewe ni Morihei Ueshiba, aliyezaliwa 1883 na kufariki 1969. Alikuwa mfupi, hata futi 5 na inchi 3 hakufika. Mwaka 1915, kisiwani Hokkaido, alikutana na Sokaku Takeda, mwalimu wa mieleka ya Daito-ryu, akawa mwanafunzi wake. Humo ndimo ilimochipuka aikido.

Majini hayamo. Mtu akikusukuma nawe ukamsukuma, atashinda mwenye misuli. Kwenye aikido hushindani naye. Akikujia, wasogea kando, wageuka pamoja naye kule kule anakoelekea, kisha wamwongezea kidogo. Aliyesimama kwa miguu miwili hana mguu wa tatu wa kumzuia mbele wala nyuma; uzito wake ukishapita nyayo zake upande huo, huhitaji nguvu nyingi kumwangusha. Ugumu ni mabega. Yakikakamaa, mwenzio ahisi mapema na kujikaza. Ndiyo maana wanafunzi huambiwa walegeze mabega, nguvu zitoke kiunoni na mwili mzima. Kulisema ni rahisi, kulifanya huchukua miaka.

Lakini nilimwambia kijana: wale wanaoanguka ni wanafunzi wa mzee. Wamefunzwa kuanguka, na mara nyingi hujirusha wenyewe ili kiungo kisivunjike. Si uwongo, wala si pigano. Kenji Tomiki, mwanafunzi wa Ueshiba aliyebobea pia kwenye judo, alianzisha mashindano ya aikido ili mtu akabiliane na mwenzake asiyekubali kuanguka. Wengi walimpinga. Mimi naona alikuwa na haki.

Hata hivyo, aende akajifunze. Atakachopata mapema ni kuanguka vyema: kidevu kifuani, mkono umepindwa kama upinde, mwili ubingirike na kichwa kisiguse sakafu. Hilo litamfaa hata akiteleza bafuni. Na mwenye kisu akiitaka simu, ampe.